Transista inachemka: joto limekwama hatua gani?

Mtu akisema transista yake inachemka, bado hajataja tatizo. Kila transista inayopitisha mkondo hutoa joto, haina budi. La kuuliza ni joto hilo limekwama wapi. Kati ya elektroni inayosukumwa na volteji na hewa inayopita kwenye hitisinki (kipande cha chuma cha kupozea) kuna hatua kadhaa, na kila hatua ina muda wake na umbali wake. Ukishaujua muda wa dalili, umeikaribia hatua yenye shida. Mwongozo huu unasimama juu ya jambo hilo moja. Unahusu transista za silikoni, kuanzia MOSFET kubwa (transista zinazodhibitiwa na volteji) za kuendeshea mota hadi zile ndogo kabisa zilizomo ndani ya prosesa.

Safari ya joto

Volteji kati ya dreni na sosi, ncha mbili ambazo mkondo hupita kati yake, hujenga uga wa umeme, uga huo husukuma elektroni, na elektroni hupata nishati. Njiani hugongana na mengi, lakini si kila mgongano unaozaa joto. Ikikutana na atomi ya fosforasi au boroni iliyopandikizwa kwenye silikoni (dopanti), elektroni hugeuzwa mwelekeo na kuendelea na nishati yake karibu yote, kwa sababu atomi hiyo ni nzito mno kuliko yenyewe. Ukinzani umeongezeka, joto bado. Joto huzaliwa pale elektroni inapoitikisa fuwele yenyewe. Mitetemo ya fuwele hupokea na kutoa nishati kwa mafungu yenye kiasi maalumu, na fungu moja huitwa fononi.

Fononi za aina mbili ndizo zinazotuhusu. Katika fononi za akustika, atomi jirani hutikisika kwa pamoja, na wimbi husafiri kwa kasi ya sauti ndani ya silikoni, yaani kilomita 5 hadi 8 na zaidi kidogo kwa sekunde. Katika fononi za optika, atomi mbili zilizopakana hutikisika kinyume, moja ikienda huku nyingine ikienda kule. Hizi zina nishati kubwa, zikifikia milielektronivolti 60 na ushei (elektronivolti 1 ni nishati ambayo elektroni hupata ikivuka volti 1), lakini hazisogei sana: ni kama umati unaokimbia papo hapo, jasho linatoka na hakuna anayefika popote.

Elektroni yenye nishati ya kutosha humwaga sehemu kubwa ya nishati yake kwenye fononi hizi nzito. Hugongana na fuwele takriban kila baada ya sehemu ya kumi ya pikosekunde (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde). Fononi ya optika nayo huvunjika ikawa fononi mbili za akustika, na hilo huchukua pikosekunde kadhaa. Kuanzia hapo joto linaweza kusafiri.

Mwendo wake ndani ya silikoni tunaweza kuukadiria. Silikoni nene na safi, kwenye kelvini 300, hupitisha joto kwa kiwango cha wati 148 kwa mita kwa kelvini. Ukigawanya kwa ujazo wake wa joto, unapata kwamba joto huvuka mikromita 1 kwa takriban nanosekunde 10, mikromita 10 kwa mikrosekunde 1, mikromita 100 kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, na chipu yenye unene wa nusu milimita kwa milisekunde 3 hivi. Baada ya hapo ni shaba, pesti ya joto na hitisinki, ambako tunahesabu sekunde na dakika. Namba hizi ziandike mahali pa karibu, maana tutazirudia.

Chombo cha kwanza: pulsi fupi

Kabla ya kubadilisha kifaa chochote, ipime transista kwa pulsi badala ya mkondo wa mfululizo. Unahitaji jenereta ya pulsi, rezista ndogo ya kupimia mkondo, na osiloskopu. Anza na pulsi ya milisekunde 10, ushuke hadi milisekunde 1, kisha mikrosekunde 100, 10 na 1. Acha mapumziko marefu kati ya pulsi na pulsi, mara mia ya urefu wa pulsi au zaidi, ili fuwele ipoe kabisa. Andika mkondo wa mwanzo wa pulsi na wa mwisho.

Kama tatizo linapungua kadiri pulsi inavyofupishwa, fuwele inapata moto, na urefu wa pulsi ambao tatizo linatoweka unakuambia joto lilikuwa limefika umbali gani. Kama pulsi fupi kuliko zote ulizo nazo hazibadilishi kitu, chanzo kiko kwenye elektroni na fononi zenyewe, au hakihusiani na joto kabisa. Kwa maoni yangu kipimo hiki kina thamani kuliko kipimajoto chochote cha nje, kwa sababu kipimajoto hukupa wastani wa mahali ulipokiweka, wakati pulsi inakupa historia ya joto kuanzia pale lilipozaliwa.

Dalili: mkondo unaanza vizuri, kisha unashuka

Umefungua geti, ncha inayodhibiti mkondo, kikamilifu, volteji haijabadilika, lakini mkondo unapungua. Au umechora grafu ya mkondo dhidi ya volteji ya dreni, na mstari ambao ulipaswa kulala unainama kuelekea chini upande wa volteji kubwa.

Chanzo cha kawaida ni fuwele kupata moto. Fuwele ya moto ina fononi nyingi zaidi, hivyo elektroni inagongwa mara nyingi zaidi na kupoteza wepesi wake. Kwenye silikoni yenye dopanti chache, wepesi wa elektroni hushuka kwa takriban joto la kelvini lililopandishwa kwenye kipeo cha hasi 2.4. Fanya hesabu: kutoka kelvini 300 hadi 360 ni ongezeko la moja ya tano, na wepesi unabaki asilimia 65 hivi. Ndani ya chaneli ya MOSFET, njia ya mkondo kati ya sosi na dreni, upungufu huwa mdogo kuliko huo, kwa kuwa ukwaruzo wa uso wa oksaidi (kihami kilicho chini ya geti) nao una sehemu yake kwenye ukinzani, lakini mwelekeo ni uleule. Ndiyo maana ukinzani wa MOSFET ya nguvu ikiwa wazi unaweza kufika karibu mara mbili inapotoka nyuzi 25 hadi nyuzi 150 za Selsiasi.

Thibitisha kwa pulsi. Mkondo ukirudi juu kwenye pulsi za mikrosekunde chache, ni joto la fuwele, na tiba yake ni kulitafutia joto njia bora ya kutokea au kupunguza wati. Ikiwa transista imejengwa kwenye silikoni iliyolazwa juu ya kihami, pulsi za mikrosekunde hazitoshi. Utahitaji kushuka chini ya nanosekunde 100, kwa sababu kijitabaka hicho chembamba hupata moto upesi sana.

Kuna kitu kinachofanana na hiki na hupoteza watu: elektroni kunaswa kwenye kasoro za oksaidi. Huko pia mkondo hushuka taratibu. Vitofautishe hivi. Joto hufuata wati, kwa hiyo ukipunguza volteji ya dreni huku geti likibaki palepale, upungufu unapungua. Kunaswa hufuata zaidi volteji ya geti, na mara nyingi hakuishi ndani ya milisekunde. Kunaweza kuchukua sekunde au saa, na transista iliyopumzishwa kwa muda mfupi hairudi kwenye hali yake ya mwanzo.

Dalili: unaongeza volteji, mkondo hauongezeki, joto linaongezeka

Hapa pulsi hazikusaidii. Fupisha utakavyo, mkondo ni uleule.

Kwanza hakikisha hushughuliki na jambo la kawaida. Kwenye chaneli ndefu mkondo huacha kuongezeka kwa sababu chaneli imebanwa upande wa dreni, na hilo halina ugonjwa. Ongeza volteji ya geti juu ya kizingiti, yaani volteji ambayo transista huanza kufunguka, kisha tazama. Mkondo ukikua kwa mraba wa ziada hiyo, ni kubanwa kwa chaneli. Ukikua kwa mstari ulionyooka, umefika kwenye kasi kikomo ya elektroni, na hapo fononi za optika ndizo zenye neno.

Hebu tuitazame elektroni moja kwa karibu. Uga ni volti 1 ndani ya nanomita 100. Kasi kikomo ya elektroni kwenye silikoni ni kilomita 100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo inavuka nanomita 100 hizo kwa pikosekunde 1. Ndani ya pikosekunde hiyo uga unaipa elektronivolti 1. Kasi haijaongezeka, maana yake nishati yote hiyo imetoka. Imetoka kama fononi 16 hivi za milielektronivolti 60 kila moja. Kila elektroni, kila pikosekunde. Kuongeza volteji hapo ni kuongeza idadi ya fononi, si mwendo.

Watu wengi hufikiri barafu itawaokoa. Haiwaokoi sana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Uwezekano wa elektroni kufyonza fononi hutegemea fononi zilizopo. Uwezekano wa kutoa hutegemea zilizopo ukijumlisha moja. Ile moja ya ziada haiondoki hata fuwele ikiwa baridi kiasi gani. Kwa fononi ya milielektronivolti 60 kwenye kelvini 300, idadi ya wastani iliyopo ni 0.11. Kwa hiyo kufyonza kuna uzito wa 0.11 na kutoa kuna uzito wa 1.11, mara kumi zaidi. Ukipoza hadi joto la nitrojeni ya kimiminika, kufyonza kunakaribia sifuri lakini kutoa kunabaki 1. Mlango wa kupotezea nishati uko wazi kama ulivyokuwa. Ndiyo maana ukipoza transista, wepesi wa elektroni kwenye uga mdogo unapanda sana, huku kasi kikomo ikipanda kidogo tu.

Tiba, basi: usipandishe volteji ya dreni kupita pale mkondo ulipolala. Tumia transista yenye chaneli pana zaidi, au ongeza volteji ya geti ikiwa bado kuna nafasi kwenye mipaka ya mtengenezaji.

Dalili: mkondo unapanda wenyewe, kisha kifaa kinakufa

Sehemu hii isome polepole hata kama kifaa chako kizima.

Kwenye transista za baipola, zile zenye ncha za besi, emita na kolekta, jambo hili linajulikana. Volteji ya besi na emita inayohitajika kwa mkondo uleule hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi 1. Ukishikilia volteji hiyo palepale, joto linaleta mkondo, mkondo unaleta joto. Rezista ndogo kwenye emita hukata mzunguko huo, na kuifunga transista ya kurekebisha bayasi (volteji ya kuiweka transista kwenye hali ya kazi) kwenye hitisinki ileile husaidia zaidi.

Kwenye MOSFET imeenea kauli kwamba hazikimbiwi na joto, eti zikipata moto zinajizuia zenyewe. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imechoma vifaa vingi. Ndani ya MOSFET kuna nguvu mbili zinazovutana. Fuwele ikipata moto, fononi hupunguza wepesi wa elektroni na mkondo hutaka kushuka. Wakati huohuo volteji ya kizingiti hushuka kwa milivolti moja au chache kwa kila nyuzi, na mkondo hutaka kupanda. Geti likiwa wazi kabisa, wepesi ndio unaoamua na transista ni salama. Geti likiwa limefunguliwa nusu, kizingiti ndicho kinachoamua, na transista inafanya kama baipola.

Mahali nguvu hizo zinapolingana unaweza kupaona. Fungua karatasi ya data, tafuta grafu ya mkondo wa dreni dhidi ya volteji ya geti, iliyochorwa kwa joto la chini na joto la juu. Mistari hiyo hukatana. Juu ya nukta ya makutano, joto hupunguza mkondo. Chini yake, joto huongeza mkondo. MOSFET za kisasa zilizoundwa kwa kuwasha na kuzima haraka zina nukta hiyo juu sana, makumi ya ampea au zaidi. Mtu akiitumia transista ya namna hiyo kwenye amplifaya, kwenye mzigo bandia wa kupimia betri, au kwenye rekebishi ya volteji inayofanya kazi kwa geti nusu wazi, anafanya kazi chini ya nukta hiyo muda wote bila kujua.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chipu ya MOSFET ya nguvu ni maelfu ya seli zilizofungwa sambamba. Seli moja ikiwa na joto kidogo kuliko jirani zake, kizingiti chake kinashuka, inachukua mkondo zaidi, inapata moto zaidi. Mkondo wa jumla unaweza usionyeshe kitu kwa muda, kwa sababu seli nyingine zinapunguziwa kadiri ile inavyoongezewa. Kisha doa moja dogo linayeyuka na dreni inashikana na sosi. Wahandisi huliita jambo hili athari ya Spirito. Ukifungua kifaa kilichokufa na kukuta doa moja la kuungua kwenye chipu ambayo kwingine ni safi, fikiria hili kwanza.

Tazama pia grafu ya eneo salama la kazi kwenye karatasi ya data, hasa mstari wa mkondo wa mfululizo. Mstari uliokokotolewa kwa wati pekee huteremka kwa mteremko uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari ambao kwenye volteji kubwa unavunjika na kuteremka kwa ukali zaidi unaonyesha kwamba mtengenezaji amezingatia madoa ya moto. Ukikuta mteremko mmoja tu, au mstari wa mfululizo haupo kabisa, usiitumie transista hiyo kwa kazi ya geti nusu wazi. Na kufunga kadhaa sambamba hakuponyi, kwa kuwa yenye kizingiti cha chini kuliko zote itabeba mzigo wa wenzake, isipokuwa kila moja uipe rezista yake ya sosi na udhibiti wake.

Dalili: kipimo cha nje ni baridi, lakini kifaa kinaharibika

Kamera ya infraredi inasema nyuzi 60, na transista inakufa. Hapa kuna mambo mawili tofauti.

La kwanza ni la kamera. Doa la moto linaweza kuwa dogo kuliko kile ambacho kamera inaweza kukitenganisha, hivyo unasoma wastani wa doa na jirani zake baridi. Chuma kinachong'aa hutoa mionzi kidogo na huonekana baridi kuliko kilivyo. Na silikoni ambayo haina dopanti nyingi hupitisha mwanga wa infraredi wa zaidi ya mikromita 1.1, kwa hiyo sehemu ya unachokiona inaweza kutoka chini ya uso. Njia nafuu ya kupita vikwazo hivi ni kutumia diodi iliyomo ndani ya MOSFET yenyewe: zima mzigo, pitisha mkondo mdogo usiobadilika kwenye diodi hiyo ndani ya makumi machache ya mikrosekunde, na usome volteji yake, ambayo hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi. Kwanza ipime diodi hiyo kwenye joto unalolijua. Ukumbuke inakupa wastani wa chipu, haioni doa moja.

Maabara zenye vifaa vya Raman hufanya vizuri zaidi. Mwanga wa laza unaorudi kutoka kwenye silikoni hubeba alama ya fononi ya optika kwenye 520 kwa sentimita, na alama hiyo husogea chini kwa 0.02 hivi kwa kila kelvini. Nyuzi 50 ni 1 kamili. Tahadhari ni kwamba mkazo ndani ya fuwele nao husogeza alama hiyohiyo, kwa hiyo pima kwanza ikiwa imezimwa.

La pili hutokea kwenye kompyuta. Mtu anaendesha simulesheni, anaona kelvini 3000 karibu na dreni, anashtuka. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1414 za Selsiasi. Alichosoma ni joto la elektroni. Ndani ya uga mkali elektroni na fuwele hazina joto moja: elektroni zinaweza kuwa na nishati ya wastani inayolingana na maelfu ya kelvini huku atomi zikiwa kwenye kelvini 350. Elektroni ni chache na ujazo wao wa joto ni mdogo. Haziwezi kuyeyusha fuwele kwa joto lao lenyewe; huiumiza kwa njia nyingine, tutakayoifikia. Soma safu ya joto la fuwele.

Dalili: simulesheni inaweka doa la moto mahali pasipo sahihi

Programu nyingi hukokotoa joto kwa kuzidisha mkondo na uga, papo hapo. Kwenye transista ndefu ni sawa. Kwenye chaneli ya nanomita 20 inapotosha, kwa sababu elektroni hupewa nishati mahali pamoja na kuiachia mahali pengine. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa sekunde na mgongano kila sehemu ya kumi ya pikosekunde, kati ya mgongano na mgongano ni nanomita 10. Kwa volti 0.7, elektroni inatakiwa kutoa fononi zipatazo 11 kumaliza nishati yake. Chaneli ya nanomita 20 haina nafasi ya migongano hiyo. Elektroni inavuka ikiwa bado imebeba nyingi, na kuzimwaga ndani ya dreni.

Jumla ya wati haibadiliki. Kinachobadilika ni mahali, na mahali ndipo penye mguso wa chuma. Badili modeli utumie usawa wa nishati wenye muda wa kulegea wa sehemu chache za kumi za pikosekunde, au ukiweza Monte Carlo, inayofuata elektroni moja moja kwa namba za nasibu. Kisha linganisha.

Dalili: transista ndogo ina moto kuliko hesabu inavyosema

Umetumia 148, sheria ya Fourier (joto hutiririka kwa kadiri ya mteremko wa joto), vipimo sahihi, na bado kipimo kinazidi hesabu kwa mbali. Karibu kila mara kosa liko kwenye hiyo 148.

Namba hiyo ni ya silikoni nene. Sehemu kubwa ya joto ndani yake hubebwa na fononi za akustika zinazoweza kwenda mamia ya nanomita, nyingine zaidi ya mikromita, kabla ya kutawanywa. Katika pezi la FinFET (transista ambayo chaneli yake imesimama kama pezi) lenye upana wa nanomita chache, fononi hiyo hugonga ukuta kabla haijafika popote. Tabaka la silikoni la nanomita 10 hupitisha joto kwa kiwango kilicho chini ya silikoni nene kwa karibu mara kumi. Dopanti nyingi hupunguza zaidi. Sosi na dreni za silikoni na jamaniamu zilizochanganywa ni mbaya zaidi, chini ya wati 10 kwa mita kwa kelvini katika michanganyiko ya kati. Oksaidi inayozunguka yote hayo ina 1.4, mara mia pungufu ya silikoni nene.

Ongeza mipaka. Kila mahali tabaka mbili zinapokutana, fononi nyingine hurudishwa, na mpaka mmoja unaweza kuzuia joto kama nanomita kadhaa za oksaidi. Kwenye kifaa kikubwa huoni. Kwenye kifaa chenye matabaka mengi ya nanomita chache, mipaka ndiyo ukinzani.

Na chanzo cha joto kikiwa kidogo kuliko umbali ambao fononi huenda bila kutawanywa, Fourier mwenyewe hafai tena, maana sheria yake inadhani fononi zimeshagongana mara nyingi. Hukadiria joto la doa chini kuliko lilivyo. Lete mlinganyo wa Boltzmann wa fononi, unaofuata mwendo na migongano ya fononi zenyewe, au angalau utumie kiwango cha upitishaji kilichopimwa kwenye tabaka lenye unene uleule.

Dalili: hitisinki baridi, transista moto

Kama hitisinki haipati joto hata baada ya dakika kadhaa, mguso ni mbovu: pesti imekauka, skrubu imelegea, au kihami cha chini kimepinda. Rekebisha mguso kabla ya kununua hitisinki kubwa zaidi.

Lakini kama kifaa kinakufa kwenye mapigo ya mikrosekunde 10, hitisinki haina hatia. Kwa muda huo joto limeingia mikromita 30 hivi ndani ya silikoni, halijui hata kama kuna shaba huko chini. Kinachosaidia hapo ni chipu yenye eneo kubwa zaidi, au pigo lenye nguvu ndogo.

Dalili: umepoza vizuri, uchakavu umeongezeka

Hili huwashangaza wengi. Transista za volteji kubwa kiasi, kama zile za kizazi cha volti 5, huchakaa haraka zaidi zikiwa baridi. Fononi za akustika zimepungua, elektroni inakwenda mbali zaidi kati ya migongano, na chache zenye bahati hukusanya nishati nyingi kabla ya kuimwaga. Ikizidi elektronivolti 3.1 hivi, elektroni inaweza kuruka kizuizi kati ya silikoni na oksaidi, ikanasa humo au ikavunja vifungo vya haidrojeni mpakani. Kizingiti kinahama, mkondo unapungua, na hakuna upoaji unaourudisha.

Pima mkondo wa sabstreti (silikoni ya msingi iliyo chini ya chaneli) kwenye transista ya aina ya N, ambayo mkondo wake hubebwa na elektroni. Huo hutokana na elektroni zenye nishati ya kutosha kung'oa elektroni nyingine, kwa hiyo ukipanda, idadi ya elektroni kali imepanda. Shusha volteji ya dreni hata kidogo na utauona ukianguka kwa kasi. Kwenye transista fupi za volti 1 au chini yake mambo hugeuka, na joto ndilo linalozidisha uchakavu. Kwa hiyo usichukue kanuni ya kizazi kimoja ukaipeleka kwenye kingine bila kupima.

Dalili: karibu na sifuri kamili, elektroni hazipoi

Hii ni ya wachache wanaofanya kazi na silikoni ndani ya friji za heliamu. Kipimajoto cha kishikizi kinasema milikelvini 20, na vipimo vya umeme vinaonyesha elektroni zikiwa na joto mara kadhaa ya hilo. Fononi za optika hazina kazi tena, elektroni haina nishati ya kuzitoa, na kifungo kati ya elektroni na fononi za akustika hulegea kwa ukali kadiri joto linavyoshuka. Wati kidogo sana inayopenya kupitia nyaya inatosha kuzitenga elektroni na fuwele. Weka vichujio kwenye kila waya, funga kila waya kwenye kila hatua ya friji, na utegemee nyaya zenyewe kuzipoza elektroni, kwa kuwa fuwele haitaifanya kazi hiyo.